Mzee Anapotaja Kifo Chake

Kifo si jambo tusilolitaja. Redio hutangaza misiba asubuhi, kundi la WhatsApp la ukoo halimalizi mwezi bila mchango wa mazishi, na mitaani vyama vya kufa na kuzikana vinajua kwa hesabu kamili turubai, sahani na fedha atakazopata kila mwanachama siku yake ikifika. Vifo vya waliokwisha kutangulia tunavizungumza kwa ufasaha na kwa mapenzi. Kinachotushinda ni kifo cha mtu aliyeketi mbele yetu. Mzee akisema safari yake imekaribia, au sanda yake imo kwenye kasha la juu, wanawe humkatiza: usijichurie, Mungu atakupa umri, bado tunakuhitaji. Wanasema hivyo kwa kumpenda. Ninachotaka kukichambua ni kama maneno hayo yanamsaidia mzee mwenyewe, yaani utulivu wa moyo wake katika miaka aliyobakiwa nayo.

Wapo wanaoamini kwamba kumkatiza ndiko kumlinda. Wapo wanaoona kwamba ukimya huo unamwacha peke yake na jambo zito kuliko yote aliyowahi kukutana nayo. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa naona upande huo unayapita haraka mno mambo ambayo wazee wetu hawawezi kuyapita.

Nianze na wanaonyamaza, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko wataalamu wengi wanavyodhani.

Iliyo karibu na moyo ni hoja ya matumaini. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki saratani hugundulika ikiwa imeshasambaa. Wanaotibu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wamelisema hili kwa miaka mingi. Daktari akipata majibu humwita pembeni mtoto mkubwa, na familia ndiyo inayoamua mama aambiwe nini. Mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo, au damu imepungua. Wanaoficha hawana ukatili. Wanaamini kwamba mtu akikata tamaa huacha kula, hukataa dawa, hugeukia ukuta, akaondoka kabla ya wakati wake. Tena katika familia zetu ugonjwa wa mmoja hubebwa na wote. Anayeujua ukweli anaona ameubeba kwa niaba ya mgonjwa, na kumtwisha mzee mzigo huohuo ni kumwonea.

Hoja ya pili ni ya adabu, na hii ina giza ndani yake. Nani ana haki ya kuanzisha mazungumzo? Mtoto anayemuuliza baba yake shamba la mikorosho amemwachia nani anaweza kuwa na nia safi kabisa, na bado akaonekana anamhesabia mzazi siku zake. Hofu hiyo ina msingi. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi kuna ugomvi wa ardhi ndani ya familia. Kule Ganze kipo kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia watoto na jamaa zao wenyewe. Usukumani, Tanzania, vikongwe wa kike wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Mzee wa Ganze anayeulizwa na kijana wake kuhusu mirathi ana sababu ya kutetemeka. Mtafiti akimpa dodoso la kupima hofu ya kifo, mzee huyo atapata alama za juu, na alama hizo zitaeleza habari za jamaa zake kuliko za nafsi yake. Kwa mtu kama huyo, kuzungumza juu ya kuupokea mwisho kwa utulivu kabla ya kuuhakikishia uhai wake usalama ni kumkosea.

Hoja ya tatu inaigusa njia yenyewe ya uwazi. Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi, aliwahoji wagonjwa mahututi huko Chicago, na mwaka 1969 akatoa kitabu kilichotaja hatua 5: kukana, kukasirika, kujaribu kupatana, kuhuzunika, na kukubali. Alifanya jambo kubwa, maana aliwauliza wagonjwa wenyewe wakati ambapo madaktari wengi waliona mada hiyo haifai kuguswa. Lakini hatua zile ziligeuzwa ratiba. Asiyekasirika akadhaniwa anaficha hasira, aliyekubali mapema akadhaniwa amekana. Utafiti uliofuata haukuona watu wakizipita hatua hizo kwa mpangilio, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba si kila mtu hupita zote wala kwa kufuatana. Kanada nako, daktari wa akili Harvey Chochinov wa Winnipeg alibuni tiba ya mazungumzo ambayo mgonjwa husimulia yale anayotaka yakumbukwe, yakaandikwa na kuachiwa familia. Matokeo ya mwaka 2005, kwa wagonjwa 100, yalitia moyo sana. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2011 halikuonyesha tofauti katika vipimo vya dhiki, ingawa wagonjwa waliopata tiba hiyo walisema imewafaa kuliko wale wa makundi mengine. Basi anayedai kwamba kuongea kunaondoa huzuni ya kifo anasema zaidi ya ushahidi alio nao.

Hayo yote nayakubali. Na bado nadhani ukimya tulionao unagharimu zaidi.

Kwanza, dhana kwamba mzee hajui ni dhana dhaifu. Mwili wake unamwambia. Anaona nguo zinavyompwaya, anaona wanawe walio Muscat na London wamekata tiketi ghafla, anasikia sauti zikishuka akiingia ukumbini. Wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss, waliochunguza hospitali za Marekani, walieleza mwaka 1965 hali ambayo mgonjwa anajua, waliomzunguka wanajua, na kila upande unajifanya haujui. Hali hiyo ipo katika nyumba nyingi za Tanga, Mombasa na Bujumbura. Anayetakiwa kuishikilia kwa nguvu zaidi ni yule mwenye nguvu chache kuliko wote. Mama mgonjwa anajitahidi kucheka ili watoto wasilie, na watoto wanacheka ili mama asilie.

Pili, na hapa ndipo ninapowaomba watoto wa wazee wanivumilie, tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi za Magharibi zimeonyesha kwamba watu wa makamo huogopa kifo kuliko wazee. Hofu hupanda, kisha hutulia umri unavyosogea. Mwaka 1999 Barry Fortner na Robert Neimeyer walizikusanya tafiti kuhusu wazee na kuona kwamba waliokuwa na hofu kubwa zaidi walikuwa wale wenye maradhi ya mwili, wenye matatizo ya nafsi, na wale wasiokuwa na hisia kwamba maisha yao yalikuwa na maana iliyokamilika. Umri mkubwa peke yake haukuwa sababu. Kwa hiyo mtoto wa miaka 45 anapomnyamazisha mama wa miaka 80 kwa kisingizio cha kumkinga na hofu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenye hofu katika chumba kile ni yeye mtoto. Mama ameshazika wazazi, mume, ndugu, pengine na watoto. Ameosha maiti kwa mikono yake. Analizungumza jambo analolijua.

Wala dini zetu hazikutufundisha ukimya huu. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, Mtume anasema Muislamu mwenye kitu cha kuusia hana haki ya kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Zaburi ya 90 inaomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima. Yakobo alipoona mwisho umekaribia aliwakusanya wanawe wote, akawaambia kila mmoja neno lake, akawaagiza mahali pa kumzika. Na katika fasihi yetu ya Kiswahili, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia mnamo mwaka 1858, naye akafariki miaka michache baadaye. Hakuna aliyemwambia binti yule azibe masikio. Mzee aliyejua kuaga aliheshimiwa. Watanzania wengi wanakumbuka maneno yanayosimuliwa kuwa ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu: kwamba alijua hatapona, alisikitika kuwaacha, na angewaombea kwa Mungu. Maneno hayo yaliwaliza watu. Sijasikia aliyesema ingekuwa heri asingeyasema.

Gharama nyingine ya ukimya hujulikana baada ya mazishi, na huwaangukia wanawake. Chini ya sheria za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963, mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutegemea kutunzwa na watoto. Mume anayetaka iwe vinginevyo anapaswa kuandika wosia akiwa hai. RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, hupokea na kuhifadhi wosia, lakini wanaume wengi hukwepa kuandika kwa kuamini kwamba kalamu itawaita mauti. Kenya ina kumbukumbu ya mwanasheria S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi na akasema hayo ndiyo aliyoyataka marehemu. Ukoo ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano mochwari huku kesi ikisikilizwa, na mwishowe ukoo ukashinda. Miaka 25 hivi baadaye, Septemba 2011, Wangari Maathai alipofariki akiwa na miaka 71, familia ilifuata matakwa yake ya kutozikwa katika jeneza la mbao. Jeneza lilifumwa kwa mafunjo, magugu maji na mianzi, na mwili ukachomwa. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwa Wakenya wengi, ila lilipita bila vita kwa sababu alilisema mapema na waliomzunguka walimsikiliza.

Lakini sehemu kubwa ya jambo hili si mirathi wala kaburi. Ni kile anachokisikia moyoni mzee anayesema, "Nimechoka, Mungu anichukue nikapumzike."

Sentensi hiyo ndiyo inayozigonganisha kambi zote mbili, na zote mbili huikosea. Anayenyamazisha hujibu upesi, "Usiseme hivyo." Anayependa uwazi huinua kichwa kwa heshima na kusema mzee ameukubali mwisho wake. Hakuna aliyeuliza amechoshwa na nini.

Mwaka 1994 Paul Wong, Gary Reker na Gina Gesser walitoa kipimo cha mitazamo ya watu kuhusu kifo, na naona tofauti waliyoiweka inatufaa kuliko nadharia nyingi. Hofu ya kifo ni kitu kimoja, na kukwepa kukifikiria ni kingine. Kukubali nako kuna sura tatu. Yupo anayekubali kwa sababu kifo ni sehemu ya uhai. Hakitamani wala hakikimbii. Yupo anayekubali kwa sababu anatazamia maisha mema ya baadaye, na anakwenda kwa Mola wake. Na yupo anayekubali kwa sababu kifo kinaonekana kuwa mlango pekee wa kutokea mateso. Hawa watatu wanaweza kutamka maneno yaleyale kwa sauti ileile ya upole. Wa kwanza na wa pili wana afya njema ya moyo. Wa tatu anaomba msaada.

Ndiyo maana nasisitiza kuuliza. Kuna maumivu ambayo mzee ameyazoea kuyaita uzee. Kuna upweke wa mwanamke ambaye mashoga zake wote wamekufa na wajukuu wanamsalimia wakiangalia simu. Kuna aibu ya kusaidiwa chooni na mkwe. Na kuna sonona, ambayo kwa wazee wetu mara nyingi haiji kwa machozi, huja kwa kukosa usingizi, mwili kuuma pasipojulikana, moyo kwenda mbio, chakula kukosa ladha, na lile neno "nina mawazo mengi." Zahanati humpima presha na malaria, kisha mtu anasema ni uzee tu. Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani aliyeipa jina dharau hii ya umri mwishoni mwa miaka ya 1960, alipambana na kauli hiyo maisha yake yote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba karibu katika kila eneo la dunia viwango vya juu kabisa vya kujiua viko kwa watu wa miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo kumpongeza mzee kwa kuchoka bila kumuuliza ni hatari ya kweli.

Maandiko yenyewe yanaijua tofauti hii. Mtume alikataza mtu kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililompata. Akiwa hana budi, aombe kuhuishwa maadamu uhai ni kheri kwake, na kufishwa ikiwa mauti ni kheri kwake. Nabii Eliya alikaa chini ya mretemu akamwambia Mungu yatosha, auondoe uhai wake. Hakukemewa wala hakusifiwa. Alilala, malaika akamgusa akamwambia, "Inuka, ule," akakuta mkate na maji kichwani pake. Naiona hapo njia nzuri kuliko dodoso lolote: kwanza usingizi, chakula, maji, mtu wa kumgusa. Baada ya hayo ndipo mazungumzo makubwa.

Uganda imeonyesha jinsi hilo linavyofanyika hospitalini na majumbani. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman huko Kampala mwaka 1993, ilianza kutengeneza mofini ya maji, unga uliochanganywa na maji na kutiwa rangi ili kutofautisha nguvu zake, dawa ya maumivu ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wasiopona, kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Mzee aliyekuwa anamwomba Mungu amchukue kwa sababu ya maumivu ya saratani ya tezi dume anaweza, maumivu yakipungua, kutaka kumwona mjukuu akimaliza shule. Anaweza pia, baada ya maumivu kuisha, kusema kwa utulivu kwamba yuko tayari. Hapo tu ndipo tunaweza kuamini kwamba ni moyo wake unaosema.

Upweke na hisia ya kuwa mzigo ni vigumu zaidi kutibu, ila havijakosa dawa kabisa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi Sh. 20,000 kwa mwezi, kiwango cha wakati huo. Kenya ilianza mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii wa Sh. 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wa umri huohuo. Fedha hizo ni kidogo. Lakini bibi anayeweza kununua sukari ya nyumba na kumpa mjukuu nauli hajioni kupe. Mwanasaikolojia Carol Ryff aliyachambua mwaka 1989 mambo 6 yanayounda ustawi wa nafsi, na miongoni mwake yamo kujiamulia mambo, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo, na kuwa na watu wa karibu. Mzee anayenyang'anywa yote hayo kwa jina la kutunzwa, asipike, asitoke, asiamue, asiulizwe, atatamani kifo hata kama analishwa vizuri.

Nirudi kwenye dini, maana kwa wazee wengi wa Afrika Mashariki ndiyo lugha ya kwanza ya kulizungumza jambo hili. Tumezoea kudhani kwamba imani hupunguza hofu moja kwa moja. Paul Wink na Julia Scott waliwafuatilia wazee wa California na mwaka 2005 wakaeleza kwamba waliokuwa na hofu ndogo ni wenye imani thabiti na pia wasio na imani kabisa. Waliohangaika zaidi walikuwa wa katikati, hasa walioamini kuna maisha ya baadaye ilhali mwenendo wao haukuendana na imani hiyo. Kwetu, ambako karibu kila mzee atajitaja kuwa Mkristo au Muislamu, wa katikati ni wengi, na hawana mahali pa kusema. Atamwambia nani kwamba anaogopa kukutana na Mungu kwa sababu ya mtoto aliyemkana ujanani au deni la ndugu alilolila? Ana haja ya kuomba radhi kwa mtu aliye hai kabla hajachelewa, na familia inayomwambia "bado upo sana" inamfungia mlango huo.

Na hapa viongozi wa dini wana dhamana kubwa. Kusoma mawaidha ya adhabu ya kaburi pembeni ya kitanda cha kikongwe ni kukosa kumbukumbu ya Hadithi nyingine, inayosema asife mmoja wenu ila akiwa na dhana njema kwa Mwenyezi Mungu. Vilevile mhubiri anayemkataza mgonjwa wa miaka 85 kutaja kifo, kwa kuwa eti kukitaja ni upungufu wa imani, amemwibia nafasi ya mzee Simeoni wa Injili, aliyesema sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani.

Tafiti za wagonjwa wenyewe zinaelekea huko. Mwaka 2000 Karen Steinhauser na wenzake wa Marekani walilinganisha yale ambayo wagonjwa, jamaa na madaktari waliyaona ya muhimu mwishoni mwa maisha. Wagonjwa waliyapa uzito, kuliko madaktari, mambo kama haya: kubaki na akili timamu, kujua mazishi yamepangwa, kutokuwa mzigo, kuweza kuwasaidia wengine, na kuwa na amani na Mungu. Mzee anayetaja lilipo kasha la sanda anashughulikia angalau matatu kati ya hayo kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo anayerudia kila jioni habari za mashamba ya mkonge ya Tanga au za garimoshi la kwenda Kampala. Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kurudia huko, kulikodhaniwa kuwa dalili ya akili kuchakaa, ni kazi ya kuyapitia maisha na kuyapatanisha. Na mwanasaikolojia Erik Erikson alishasema, mwaka 1950, kwamba kazi hiyo ikifanikiwa mtu hupata ukamilifu, na ikishindikana hupata kukata tamaa. Anayekatizwa kila mara haimalizi.

Masharti yangu kwa wanaotaka uwazi ni haya. Mazungumzo ya mali yasichanganywe na mazungumzo ya moyo. Siku mtoto anapokaa kumsikiliza mama, hati ya kiwanja isiwe mezani. Ya mali yafanywe siku nyingine, mbele ya kadhi, mzee wa kanisa au wakili, watoto wote wakiwepo, ili asiwepo wa kumnong'oneza mzee usiku. Mahali penye tuhuma za uchawi, ulinzi wa mzee utangulie kila kitu. Na mtoto asijione kuwa ndiye lazima asikie. Mila zetu zina nafasi ambayo wataalamu wa nje hawaijui: utani wa babu na bibi na wajukuu. Bibi anayemwita mjukuu "mume wangu" humwambia kwa kicheko mambo ambayo hatamwambia mwanawe, pamoja na atakavyo kuzikwa, na mjukuu anaweza kumuuliza bila kuonekana mrithi. Mashoga zake na wazee wenzake wa barazani nao wanaweza. Daktari naye, kabla ya kumwita mtoto pembeni, anaweza kumuuliza mgonjwa mwenyewe: ungependa nikueleze wewe, au nimweleze mtu wako? Akichagua mwanawe, hilo ni chaguo lake na liheshimiwe.

Muda nao una mipaka. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huja polepole, na anayesubiri mpaka mzee awe mahututi anaweza kukuta hana tena wa kumuuliza.

Wapo pia wazee wasiotaka kabisa. Wanabadilisha mada, wanataka kupalilia bustani na kusikiliza taarifa ya habari, na wana haki hiyo mpaka pumzi ya mwisho; kuwalazimisha wakubali kifo kwa ratiba yetu ni ukatili wa aina yake. Ila mtoto hawezi kujua kama mama yake ni wa kundi hilo mpaka amwachie, angalau mara moja, amalize sentensi aliyoianza.